Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Matembezi na Afya ya Ubongo

Ndugu wanachama,

Mahesabu mmeyasikia kwa mhazini na mambo ya kadi ameyaeleza katibu, kwa hiyo sitayarudia. Taarifa yangu ni ya kazi moja iliyochukua nguvu kubwa ya kamati mwaka huu: programu ya matembezi. Wengi mliipokea kama mazoezi ya miguu. Miguu inafaidika kweli, ila tuliianzisha kwa ajili ya ubongo.

Maltipo sklerosisi (MS), ugonjwa unaotuunganisha sisi wanachama, hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia mielini, ile ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Ala ikichubuka, ujumbe hupita polepole au hukatikia njiani. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea vizuri, lakini akitajiwa bei tatu kwa mkupuo pale soko la Majengo anakwama kuzijumlisha. Huo si uvivu, na familia zetu zinapaswa kulielewa hilo.

Kutembea kunasaidiaje? Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120 wasio na ugonjwa huu. Waliotembea dakika 40, mara 3 kwa wiki, kwa mwaka mzima, hipokampasi yao, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, iliongezeka kwa takriban asilimia 2. Wenzao waliojinyoosha viungo tu, yao ilipungua. Kwa wagonjwa kama sisi, mtafiti Brian Sandroff na wenzake walijaribu kutembea kwenye mashine kwa wiki 12. Kasi ya kufikiri ilipanda, na mawasiliano kati ya thalamasi, kituo cha ndani ya ubongo kinachopitisha ujumbe, na gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, yakaimarika. Lakini kundi lao lilikuwa dogo sana. Utafiti mkubwa wa mwaka 2023, wenye washiriki 311 ambao ugonjwa wao ulikuwa wa aina inayosonga mbele, ulichanganya mazoezi ya mwili na ya akili, na haukupata tofauti kwenye kasi ya kufikiri ukilinganisha na mazoezi mepesi. Kwa hiyo msimwambie mtu kwamba matembezi yanatibu, na mtu asiache dawa zake. Msimamo wa kamati ni kwamba dalili za manufaa zinatosha kuanza, hasa kwa ugonjwa ambao bado haujasonga sana.

Adui wetu mkubwa hapa Dodoma ni joto. Joto la mwili likipanda hata nusu nyuzi, neva iliyochubuka inaweza kushindwa kupitisha ujumbe: macho yanafifia, mguu unakuwa mzito. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza jambo hili mwaka 1890. Ukipoa, hali inarudi kama awali. Kwa hiyo tunaanza saa 12 asubuhi, na Oktoba na Novemba hatuvuki saa 1. Anayesubiri bodaboda mpaka saa 3 ni afadhali atembee ndani ya nyumba siku hiyo.

Loweka kanga kwenye maji ya mtungi, ikamue isidondoshe, ifunge shingoni dakika 10 kabla ya kutoka. Hewa yetu ni kavu, maji hukauka upesi yakiondoka na joto la mwili. Kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam, wenye unyevu wa pwani, kanga hiyo hiyo haipoozi vizuri hivyo. Ikikauka, iloweke tena.

Ratiba ni siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Wiki ya kwanza tembea dakika 5, keti 2, tembea 5 tena. Kila wiki ongeza dakika 2 za kutembea. Wiki ya 11 utakuwa umefika 30. Mwendo uwe ule unaokuruhusu kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba kwaya. Kosa lililojirudia zaidi mwaka huu ni kukosa siku mbili na kutaka kuzifidia zote Jumamosi. Uchovu wake unakula siku zinazofuata, na wiki nyingine inapotea. Kosa la pili ni simu sikioni: ubongo wetu ukigawanywa kati ya maongezi na hatua, hatua ndiyo inayoharibika.

Chagueni njia tambarare, si miinuko ya Chimwaga. Kandambili hapana: zinachomoka, na aliyekufa ganzi hasikii mwiba wa mbigili mpaka aone damu. Geuzeni pia raba mzitazame. Soli ikilika mbele, kwenye kidole gumba, upande mmoja kuliko mwingine, huo ni mguu unaoburuzika kwa sababu msuli wa kunyanyua unyayo umelegea. Mpelekeeni mtaalamu wa fiziotherapia raba hiyo hiyo.

Kila mwezi tunapima muda wa kutembea urefu wa kamba ya mita 7.62. Tembea haraka kadiri ya usalama wako, mara mbili, kisha chukua wastani. Muda ukiongezeka kwa asilimia 20 au zaidi, mfano kutoka sekunde 6 hadi 7.2, muone daktari. Vivyo hivyo dalili mpya ikipita saa 24. Mwombe apime kwanza malaria na mkojo, maana homa huamsha dalili za zamani zikafanana na ugonjwa ulioamka.

Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe ununuzi wa kamba ya pili na saa mbili za kupimia. Fomu za kuandikia vipimo ziko kwa katibu. Safu ya mwisho ni ya saa mliyoanza kutembea. Msiiache wazi, kwa kuwa ndiyo inayotuonyesha kama kilichopunguza mwendo ni mguu au ni jua.