Barua kwa mwanangu: ulisevu wapi?

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Shikamoo yako ya jana usiku nimeipokea, ingawa ilikuja na kilio. Baba yako alidhani umeibiwa. Nilipomwambia ni ripoti ya fildi haionekani kwenye laptopu, akarudi kulala. Mimi usingizi uliniruka. Kilio hicho nakisikia hapa steshenari karibu kila siku, na swali langu huwa moja tu: "Ulisevu wapi?" Jibu nalo ni lile lile ulilonipa wewe: "Kwenye Word."

Mama, Word ni kalamu. Nani anatunza barua ndani ya kalamu? Faili hulala kwenye diski, ndani ya folda fulani, na folda hiyo uijue kwa jina kabla hujafunga.

Ulisema mwenzako alikutumia mfano wa ripoti kwa WhatsApp, ukaufungua hapo hapo ukaanza kuandika juu yake. Nikaguna. Faili likifunguliwa hivyo kwenye laptopu, mara nyingi linakaa kwenye folda ya WhatsApp yenyewe, huko ndani mtu hapiti. Ukibonyeza Ctrl na S linasevu kweli, ila huko huko uchochoroni. Kwa hiyo naamini kazi yako ipo. Fungua Word, nenda palipoandikwa File, tazama orodha ya mafaili ya karibuni. Ukiliona, lifungue, chagua Save As, liweke Documents. Usipoliona, fungua File Explorer, ingia diski C (diski kuu ya laptopu), kwenye View washa Hidden items maana folda hiyo imefichwa, andika *.docx kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha panga kwa tarehe. Itachukua muda, usiihangaishe.

Kama chaji iliisha kabla hujasevu, hilo ni jingine. Maneno ambayo hayajaseviwa yako kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na RAM huishi kwa umeme; ukikatika, imesahau kila kitu. Word hujiwekea akiba yake ya dharura kila baada ya dakika 10 kama hakuna aliyeichezea mipangilio, lakini dakika 10 za mtu anayeandika kwa kasi ni ukurasa mzima. Mimi nabonyeza Ctrl na S kila nikimaliza aya, mkono umeshazoea, hata nikiwa naongea na mteja.

Usidhani nilizaliwa najua. Mwaka 2014 kompyuta ya dukani ilikuwa nzito mno, nikamwita fundi aipige windo, yaani aifute diski C na kuweka Windows upya. Akaniuliza, "Mama, una kitu chochote kwenye C?" Nikamjibu bila wasiwasi, "Sina. Vitu vyangu vyote viko Desktop." Naye hakuuliza la pili. Kumbe Desktop ni folda tu iliyomo ndani ya C hiyo hiyo! Orodha ya madeni ya miezi minane ikaenda na maji. Sijui nani aliwapelekea wadaiwa habari, lakini wiki ile walipita dukani wakinisalimia kwa furaha isiyo ya kawaida. Aliyelipa ni mmoja tu, mwalimu mstaafu, Mungu ambariki. Sasa fundi akija, mafaili yote nayahamishia kwanza kwenye diski ya nje, tena naifungua mbele yake kuhakikisha.

Nimekutumia flashi ya gigabaiti 32. Ukiichomeka itakuonyesha 29 na ushee. Usiseme mama kauziwa feki. Kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024, tofauti inatokea hapo. Flashi hiyo ni ya kubebea kazi kwenda kuprinti. Usiifanye kabati, maana ukifuta kitu kwenye flashi hakipiti Recycle Bin, lile pipa la taka la kompyuta, kinaondoka moja kwa moja. Na siku ukiitoa kwenye kompyuta ya watu ukakuta mafolda yote yamegeuka shotikati (alama za njia ya mkato tu), usiyabonyeze, wala usikubali mtu aiformati, yaani aifute yote. Virusi vya namna hiyo kwa kawaida huyaficha mafolda tu, yenyewe yamo. Niletee mimi.

Nakala ya pili iweke Google Drive, ghala la mafaili la mtandaoni. Wanakupa gigabaiti 15 bure, na ripoti ya maneno matupu haifiki hata megabaiti moja, bando lako halitashtuka.

Halafu haya majina yenu. "Ripoti final", "final mpya", "final kweli". Mwezi uliopita kijana mmoja aliprinti na kubaindi vitabu vitatu vya "final" iliyokuwa na maoni ya msimamizi bado yameandikwa pembeni kwa rangi nyekundu. Alikaa kwenye benchi langu akiviangalia tu. Wewe andika ripoti-fildi-2025-06-14: mwaka, mwezi, siku. Yatajipanga yenyewe, la karibuni chini kabisa.

Kifurushi kimeondoka na basi la asubuhi. Flashi nimeifunga kwenye nailoni ndani ya unga wa muhogo, usije ukaisongea ugali. Karanga ni za bibi yako, mgawie na mwenzako wa chumbani. Faili ukilipata usilifunge kwa furaha: Save As kwanza, ndipo unipigie.

Mama yako