Lebo ya mrututu iandikwe jina kamili

Mhariri,

Kwenye maduka ya pembejeo kuanzia Mbozi hadi Iringa, na hata kwenye stoo za maabara za shule, makopo yanaandikwa "oksidi ya shaba" au "salfeti ya chuma", basi. Jina hilo ni nusu. Shaba na chuma ni metali za mpito: atomu zake hutoa elektroni kwa idadi zaidi ya moja, kwa hiyo jina la metali lifuatwe na namba ya Kirumi inayoonyesha idadi hiyo.

Namba hiyo hainakiliwi kutoka kwenye fomula, inapigiwa hesabu. Chukua Cu₂O. Wanafunzi wengi wakiona ile 2 huandika shaba(II) oksidi. Oksijeni huhesabiwa chaji ya −2. Atomu mbili za shaba zinagawana +2, kila moja inapata +1. Ni shaba(I) oksidi, unga mwekundu unaopuliziwa kahawa dhidi ya kutu ya majani na chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa). Shaba(II) oksidi ni CuO, nayo ni nyeusi. Ile nyekundu ina shaba asilimia 88.8 kwa uzito, nyeusi 79.9. Zinki haina usumbufu huu, siku zote ni +2 na namba haiandikwi.

Kwa mrututu, yaani shaba(II) salfeti, hata namba haitoshi, maji yaliyomo kwenye chembe zake nayo yatajwe. Kilo 1 ya mrututu wa buluu, CuSO₄·5H₂O, ina gramu 254 za shaba. Unga mweupe usio na maji una gramu 398, na wote ni shaba(II) salfeti. Mkulima anayetengeneza dawa ya kupulizia kwa kuchanganya kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa kwa lita 100 za maji, akiuziwa ule mweupe, apime gramu 640 tu. Na asiyeyushie kwenye ndoo ya bati: shaba itaganda pembeni na ndoo italika.

Kwa walimu wenzangu, angalieni chuma(II) salfeti. Myeyusho wake ukikaa wazi, hewa huugeuza chuma(III). Mwanafunzi akitia sodiamu haidroksaidi anapata mashapo ya kahawia badala ya kijani, anaandika alichokiona, halafu anakatwa alama kwa sababu lebo bado inasema (II). Myeyusho huo utengenezwe asubuhi ya mtihani, kwa matone machache ya asidi ya salfuriki.

Mwalimu wa Kemia,
Mbeya