Mwaminini kwanza, ndipo mumfundishe kupumua

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mafunzo ya umakinifu, yaani kutulia na kuzingatia pumzi na mwili, kwa askari wastaafu wa Marekani waliorudi kutoka vitani na maradhi sugu nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, maana mafunzo hayo yamemfaa mume wangu. Mara ya pili nikakwama kwenye sentensi moja, ile inayosema kwamba wenye maradhi haya "kimsingi wana msongo wa mawazo". Tangu hapo sijatulia.

Mume wangu alikuwa Ghuba mwaka 1991, katika vita vya kuwatoa Wairaki Kuwait. Aliponioa vita vile vilikuwa vimekwisha zamani, ila nyumbani kwetu vilikuwa bado. Anaamka amechoka kama mtu aliyekesha akipakua magunia. Viungo vinamuuma, tumbo linamsumbua, usingizi unakatika kila saa. Halafu kuna kusahau. Siku moja nilikuta funguo za gari ndani ya friji, juu ya trei ya mayai, naye yuko sebuleni amejishika kichwa analia. Huyu ni mtu aliyekuwa fundi wa magari ya deraya, aliyeweza kushusha injini na kuirudisha bila kufungua kitabu.

Hayuko peke yake. Marekani ilipeleka karibu wanajeshi 700,000 katika vita vile, na kamati ya utafiti iliyoundwa kwa amri ya Bunge lao ilisema mwaka 2008 kwamba angalau mmoja kati ya kila wanne anaugua hivi. Walimezeshwa vidonge vya pairidostigmini kila baada ya saa nane, kinga dhidi ya gesi ya sumu. Walipuliziwa dawa za wadudu kwenye mahema na kwenye sare. Visima zaidi ya 600 vya mafuta vilichomwa Kuwait, na moshi ule waliuvuta. Machi 1991 wanajeshi wa Marekani walilipua ghala la silaha huko Khamisiyah, Iraq, na mwaka 1996 ndipo Pentagon, wizara yao ya ulinzi, ikakiri kwamba ndani mlikuwa na sarini, gesi ya sumu inayoshambulia neva. Miaka mitano mizima! Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilihitimisha kwamba maradhi haya yanahusiana na kutumikia Ghuba, na kwamba hayawezi kuelezwa kwa ugonjwa wowote wa akili unaojulikana. Mwandishi wenu angeanzia hapo.

Nasema hivi kwa sababu najua neno "msongo" linavyofanya kazi chumbani kwa daktari. Katika kliniki moja mume wangu aliambiwa vipimo vyote viko sawa, kisha akapewa karatasi ya darasa la kutafakari huku daktari ameshasimama kumfungulia mlango. Karatasi ile ilikaa juu ya dashibodi ya gari mpaka jua likaifuta maandishi.

Aliyembadilisha mawazo ni muuguzi mmoja, miaka kadhaa baadaye. Alimwambia: "Naamini unaumwa. Darasa hili halitauondoa ugonjwa. Litakufundisha la kufanya na maumivu yako saa nane za usiku, wakati sisi hatupo." Mume wangu akaenda darasani.

Mafunzo yenyewe ni ya wiki nane, kwa mtindo ulioanzishwa na Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979. Zoezi lililomshika zaidi ni lile la kuupitia mwili kiungo kwa kiungo. Analala chali kwenye zulia, nimemkunjia taulo chini ya magoti, anaanza na vidole vya mguu wa kushoto. Akifika gotini, penye maumivu, zamani alikuwa anakaza taya, anaziba pumzi, na mwili mzima unageuka ngumi. Sasa anakaa hapo gotini, anapumua, anaangalia maumivu yanapanda na kushuka, kisha anaendelea na paja. Aliniambia, "Kuna maumivu, halafu kuna vita ninavyopigana nayo. Hivyo vya pili ndivyo vinavyonimaliza." Goti bado linauma. Lakini usiku akishtuka hasimami tena kuzunguka nyumba hadi alfajiri.

Utafiti uliofanyika Seattle na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia askari 55 wenye ugonjwa wa Vita vya Ghuba. Waliopewa mafunzo haya juu ya matibabu yao ya kawaida walipungukiwa na maumivu, uchovu na kusahau, na nafuu hiyo ilionekana hata miezi sita baada ya darasa. Ni watu wachache, na huenda sehemu ya nafuu ilitokana na kukaa tu chumba kimoja na wenzao wanaowaelewa. Ufanyike mwingine mkubwa zaidi. Na mkazie macho maneno "juu ya matibabu ya kawaida": fedha za kuchunguza sumu zile zilifanya nini mwilini zisipunguzwe kwa kisingizio kwamba sasa wanafundishwa kupumua.

Kwa wanaoendesha madarasa nina ombi. Dakika 45 za mazoezi nyumbani kila siku ni nyingi mno kwa mtu ambaye kuoga tu kunamlaza; mwacheni aanze na kumi. Asiyeweza kufumba macho, kwa yale anayoyaona akiyafumba, ayaache wazi. Akikosa kipindi kwa sababu mwili umegoma, msiandike kwamba amekataa tiba. Faili lile ndilo linalosomwa anapodai fidia, na sheria ya mwaka 1994 inayowapa haki ya kulipwa hata kwa ugonjwa usio na jina waliipata kwa jasho.

Naomba pia, Mhariri, msahihishe sentensi ile ya msongo. Mume wangu hajaiona makala. Gazeti nimelificha kwenye droo ya vitambaa. Ningependa nimpe siku nitakapokuwa na sahihisho la kuambatanisha nalo.

Mke wa askari mstaafu,
Marekani