Kwa Hemedi, kuhusu gemu za banda lako

Tanga, Jumapili usiku

Hemedi ndugu yangu,

Salaam aleikum. U hali gani, watoto je, mama mkwe bado yupo au ameshasafiri? Sisi huku wazima, ila mvua imetukalia. Najua umeninunia. Ujumbe wako ulinikuta kwenye harusi ya dada yake Kulwa, na kwao unawajua, harusi haiishi. Nikasema nikijibu nijibu kwa kituo.

Eti unataka kujaza banda gemu za bunduki "zenye hadithi tu", zisizo na hadithi ni za watoto! Wewe huyuhuyu uliyekesha na Doom kwa kaka mpaka tukafukuzwa? Ile ilikuwa na hadithi gani? Askari mmoja, miezi ya Mars, mashetani, basi. Tom Hall, mmoja wa waliokuwa wakiitengeneza, alikuwa ameiandikia kabrasha zima la wahusika na ulimwengu wao. Wenzake pale id Software, kampuni iliyoitengeneza, wakaliweka kando sehemu kubwa, naye akaondoka kabla gemu haijatoka Desemba 1993. John Carmack, mwandishi wa programu wa hiyohiyo kampuni, ndiye aliyelinganisha hadithi ya gemu na hadithi ya zile filamu ambazo hatuziangalii mbele ya wazazi: watu wanategemea iwepo, lakini si muhimu kihivyo. Alitia chumvi, sawa. Ila kilichotukesha sisi ni mlango unaodai ufunguo mwekundu, ukuta unaofunguka nyuma yako ukidhani umemaliza, na risasi nne zilizobaki huku kitu kinakoroma gizani. Jina la yule askari hatukuliuliza.

Usije ukasema naichukia hadithi. Half-Life ya 1998 naiweka juu ya zote, unajua. Lakini angalia inavyosimulia. Unapanda kile kitreni kuingia maabara ya Black Mesa na kichwa unageuza upendako. Baadaye mwanasayansi anasikia jeshi limefika, anamkimbilia askari akidhani ameokoka, anapigwa risasi palepale. Hakuna aliyekuweka kitako kukueleza kwamba hao hawakuja kuokoa mtu. Umeona mwenyewe, na bunduki bado iko mkononi mwako. Gordon Freeman, yule unayemchezesha, hasemi neno mwanzo mpaka mwisho! Ninazozikataa ni zile za kukupokonya pedi kila baada ya vita kidogo ili majenerali wagombane, wewe unangoja kama abiria wa daladala lililoishiwa mafuta.

Na hasara yako itatokea hapohapo. Mteja wako analipia nusu saa. Robo yake aangalie watu wanaongea Kiingereza ndani ya helikopta? Mwingine akija kesho anakuta mwenzake yuko misheni ya sita, yeye aanzie wapi? Counter-Strike ilianza 1999 kama nyongeza ya vijana wawili juu ya hiyohiyo Half-Life, na haina hadithi hata ya kuombea maji: hawa wanatega bomu, wale wanategua. Hadithi wanaileta wachezaji. Chidi kubaki peke yake dhidi ya watatu kwenye ule uwanja wa Dust2, si mpaka leo anatusimulia, na maadui wanazidi kuongezeka kila mwaka?

Hata wakubwa wanayumba. Call of Duty: Black Ops 4 ya 2018 ilitoka bila kampeni ya kawaida, yaani ile sehemu ya hadithi ya mchezaji mmoja. Mwaka uliofuata kampeni ikarudi.

Lakini nivumilie, nairudia hadithi. Call of Duty 4: Modern Warfare ya 2007, pale bomu la nyuklia linapolipuka na helikopta inaanguka. Unaamka ukiwa Jackson, askari unayemchezesha, unatambaa nje, unadhani utapona, kumbe hakuna pa kwenda. Unakufa. Chidi alinyamaza siku ile, na Chidi si mtu wa kunyamaza. Kingekuwa kipande cha sinema, tungeinuka kwenda kununua maandazi. Kinauma kwa sababu kidole chako ndicho kinachomsogeza.

Kwa hiyo ushauri wangu: kwenye TV za mbele weka za kushindana, wawili wawili, za kelele. Moja tu ya nyuma iwe ya hadithi, kwa wale wanaokuja peke yao mchana na kulipia saa nzima. Ukiniuliza mwakani huenda nikabadili, ila kwa sasa msimamo ni huo.

Nina shida pia. Ile diski yangu yenye Half-Life ilibaki kwako, nadhani kwenye sanduku la nyaya. Mpe Kulwa akirudi huku, tafadhali, usiiweke kwenye basi peke yake.

Sasa nijibu: nusu saa unatoza ngapi? Umeme ukikatika katikati unarudisha hela au unamwongezea muda? Ile pedi Chidi aliirudisha, au bado anaapa hakuichukua? Mwenye nyumba anajua banda litafungwa saa ngapi usiku? Na hiyo TV ya pili umeipata wapi, isije ikawa ile ya Mzee Saidi yenye mstari wa kijani?

Wako,
Bakari