Mpiga ridhim naye ana jina

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya msomaji aliyelalamika kwamba muziki wa siku hizi ni kelele tupu na vijana hawana masikio. Niliisoma kibarazani kwangu hapa Mji Mpya, Morogoro, nikalikunja gazeti, kisha nikalifungua nikaisoma tena. Mwenzangu ana uchungu wa kweli, ila ameushusha kituo kisicho chake.

Masikio vijana wanayo. Nina mjukuu wa kidato cha tatu. Bodaboda ikipita inapiga singeli, kabla haijakata kona ameshakwambia ni ya nani na imetoka lini. Mimi katika umri wake nilikuwa hivyo hivyo kwa magitaa. Kinachonisumbua ni kingine, na nitakifikia. Mnivumilie, mzee akianza kusimulia lazima apitie kwao kwanza.

Nimezaliwa mwaka 1954 katika mji huu kasoro bahari. Nilipokuwa mdogo ukisema "timu mbili" watu hapa hawakuwaza mpira. Waliwaza Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz. Marehemu baba alikuwa Jazz wa kufa, mama Cuban, na Jumamosi jioni ndani ya nyumba hapakukalika. Salum Abdallah alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, baba huyo huyo hakukanyaga dansi mwezi mzima. Alisema hana wa kumtambia. Baadaye Morogoro Jazz ikawa ya Mbaraka Mwinshehe, ikaenda mpaka Osaka kwenye maonyesho ya mwaka 1970, na baba akarudi kutamba.

Hapa nifungue mabano. Mjukuu wangu siku moja aliandika "jazz" kwenye simu anitafutie muziki wangu. Simu ikamletea Mmarekani mwenye suti, yuko peke yake na piano, anabofya kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Nikamwambia huyo ni fundi, tena fundi hasa, lakini si jazi yangu. Kwetu jazi lilikuwa jina la bendi yenye magitaa, tumba na midomo ya bata, yaani saksofoni: Dar es Salaam Jazz iliyoanza miaka ya 1930, Western, Kilwa, Tabora, Atomic na Jamhuri za Tanga. Jina tuliliazima mbali, rumba tukaichota kwenye santuri za Kuba, na ngoma zetu tukazimwagia juu yake. Mabano nimefunga.

Mwaka 1973 nikapata kazi Dar es Salaam, kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, upande wa ufumaji. Tulifanya zamu tatu. Kiwanda kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz, mtindo wao Chakachua, na mwimbaji wao Juma Mrisho ambaye nchi nzima ilimwita Ngulimba wa Ngulimba. Siku ya mshahara unapanga foleni dirishani, mbele yako amesimama mpiga tumba, anadai posho ya safari kama wewe unavyodai saa za ziada. Enzi hizo kila taasisi ilikuwa na vyombo vyake: chama cha wafanyakazi walikuwa na NUTA Jazz tangu 1964, polisi na magereza walikuwa na zao, JKT walikuwa na Kimulimuli, baadaye shirika la bima wakaja na Bima Lee, hata mabasi ya UDA yalikuwa na bendi. Na kila bendi na mtindo wake, ndiyo ilikuwa jezi yetu. Western ni Saboso, Dar Jazz ni Mundo, Tabora ni Segere Matata. Ukimkuta mtu anacheza Mundo kwenye Saboso ulijua kapotea njia.

Sasa niseme nililoliona kwa macho yangu. Ilikuwa Jumapili ya bugi, dansi la mchana kweupe, ukumbi umejaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni. Urafiki walikuwa katikati ya chemko, ile sehemu ya mwisho wimbo unapokolea. Solo anachana, mwimbaji ameshaweka maiki pembeni anarusha mguu, matarumbeta yako juu. Ghafla watu wakaanza kukosa hatua. Hakuna aliyesimamisha muziki; solo bado analia, tumba bado zinagongwa, lakini mguu ukiushusha haukuti pa kukanyaga, kama mtu aliyeshuka ngazi akadhani imebaki moja kumbe zimekwisha. Wachezaji wakapungua, wakabaki wanatazamana. Mimi nikadhani ni bia.

Jirani yangu, fundi mitambo wa zamu yetu, akanivuta shati akanionyesha nyuma kabisa ya jukwaa. Kijana mpiga ridhim, lile gitaa linaloshikilia mwendo wa wimbo, alikuwa amepiga magoti. Waya wa gitaa lake ulikuwa umekatika pale unapoingia kwenye kikuza sauti, naye anaumenya kwa meno. Akausokota, akauchomeka, akasimama, wala hakutazama mtu. Akaingia. Ukumbi mzima ukapanda kama maji yanayochemka, wasichana wakapiga vigelegele, na wote walikuwa wanamtazama mwimbaji. Fundi yule akaniambia sikioni: "Umeona? Namba sita alikuwa nje ya uwanja."

Tangu siku hiyo sijawahi kusikiliza wimbo wala kutazama mpira kwa namna ya zamani. Ridhim ndiye kiungo mkabaji. Hafungi, hapigiwi makofi, lakini akitoka, wanaofunga hawajui mpira utatokea wapi.

Na mpira nao niseme, maana mimi ni Yanga, na Yanga aliyefanya kazi kiwandani Julai 1977 ana kidonda. Tarehe 19, siku ya Jumanne, nilibadilishana zamu niende uwanjani. Wenye kumbukumbu wanajua: Simba sita, sisi bila. Abdallah Kibadeni peke yake alitupiga tatu. Niliondoka lile la tano lilipoingia, la sita nikalisikia kwenye redio ya muuza sigara. Usiku nikaingia zamu. Nafika kwenye mtambo wangu, mtu ameshanipangia bobini sita juu ya mashine, zimenyooka kama wachezaji wanaopigwa picha. Nilipogeuka, safu nzima ya wafumaji imeinamia kazi, hakuna anayenitazama, mabega tu yanatetemeka. Bobini moja ninayo mpaka leo. Mke wangu anaitumia kufungia uzi.

(Novemba 5, 2023 tulipowapiga tano kwa moja niliitoa nikaifuta vumbi. Miaka 46 nilikuwa nangoja. Yale matano waliyotupiga mwaka 2012 katikati hapo siyazungumzii.)

Ninachotaka kusema ni hiki. Mechi ile ya sita bila, mpaka leo wazee wa kijiwe changu wanakutajia kikosi kizima cha pande zote mbili, kuanzia golini. Wengi wao hawakuwapo uwanjani. Walijulia wapi? Redioni. Mtangazaji wa redio alikuwa hana picha ya kukuonyesha, kwa hiyo alilazimika kukutajia kila mguu uliogusa mpira. Agosti 26, 1979, Taifa Stars walipokwenda Ndola kutafuta sare kwa Zambia, tulikaa watu kama thelathini tumeizunguka redio moja ya National, ile ya mkulima. Tuliwasikia Juma Pondamali golini, Leodegar Tenga na Jella Mtagwa nyuma, tukausikia mpira ukitoka mtu huyu kwenda mtu yule, mpaka Peter Tino alipofunga na redio ikaanguka kwa kelele. Sare ya moja kwa moja, tukaenda Lagos mwaka uliofuata. Baada ya hapo tulikaa mpaka 2019 kurudi kwenye fainali hizo. Kocha wetu wa siku ile, Joel Bendera, baadaye alikuja kuwa Mkuu wa Mkoa wetu hapa Morogoro, na nilikuwa nikiona gari lake napiga saluti, askari wake wakidhani nasalimu serikali.

Sasa mjukuu ananionyesha bao kwenye simu. Sekunde kumi na tano: mpira uko wavuni, mfungaji anateleza kwa magoti, basi. Namuuliza nani kampasia? Hajui. Nani alimnyang'anya adui mpira kabla ya hiyo pasi? Ananitazama kama nimemuuliza hesabu ya mtihani. Na wimbo anausikia hivyo hivyo, kiitikio tu, kile kipande wanachochezea kwenye video. Kiitikio ndilo bao. Zile dakika nne za kujenga, kabla ya chemko, hakuna tena mwenye nafasi ya kuziweka.

Kwetu wapigaji walihama na nchi ikajua, kama usajili wa dirisha dogo. Mwaka 1978 Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka walipotoka Juwata, ndiyo ile NUTA Jazz kwa jina jipya, kwenda kuanzisha Mlimani Park, kiwandani kazi haikuenda vizuri wiki nzima, watu wanabishana. Waimbaji ni nusu tu ya mabishano. Nusu nyingine ilikuwa Joseph Mulenga na gitaa lake, Michael Enoch aliyekuwa mwalimu wa wote, Abdallah Gama kwenye ridhim, Suleiman Mwanyiro kwenye besi. Sikinde, ndiyo Mlimani Park, ikazaliwa; Msondo, ndiyo Juwata, wakabaki na Saidi Mabera kwenye solo, na mji ukapasuka katikati kama Simba wa Msimbazi na Yanga wa Jangwani. Mimi nilikuwa Sikinde. Mke wangu alikuwa wa bendi ya Maquis, na sababu yake ilikuwa moja: mtindo wao, Kamanyola bila jasho, mume anarudi na shati safi.

Nisionekane nasifia kila cha zamani. Wale wapigaji wengi walikufa maskini. Gitaa lilikuwa mali ya shirika; ukihama unaliacha, unaondoka na vidole vyako. Nyimbo zao zilibaki kwenye kanda za Radio Tanzania, zikapigwa miaka nenda rudi, wajane wao wakizisikiliza bila senti. Kijana wa Bongo Fleva anayejenga nyumba kwa sauti yake mimi simwonei wivu, nampongeza. Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa Januari 1979, ajali ya gari tena, hajafikisha miaka 35, na mtu wa kipaji kile leo angekuwa na ghorofa. Hata singeli nimeanza kuizoea. Ina mbio za mchiriku, na mchiriku ulikuwa wetu Waswahili wa uswahilini kabla redio haijaukubali.

Ninalolilia mimi ni dogo, Mhariri, na liko ndani ya uwezo wako. Ukurasa wako wa nyuma unaandika kikosi cha Yanga na Simba kila wiki, kumi na mmoja na wa akiba, namba kwa namba, hata beki wa kushoto aliyeingia dakika ya 88. Ukifungua ukurasa wa burudani, onyesho la watu elfu kadhaa lina jina moja na picha moja. Aliyepiga besi hayupo. Aliyekaa studio usiku kucha akitengeneza mdundo hayupo, au yupo kwa jina la utani lililopachikwa mwishoni. Waambie waandishi wako waandike kikosi. Bendi bado zipo, Msondo wapo, Sikinde wapo, mahoteli yamejaa vijana wanaopiga magitaa vizuri hasa. Nilimsikia mmoja kwenye harusi hapa Kihonda mwezi uliopita, nikamfuata kumuuliza jina, akashangaa mzee anataka jina lake la nini. Andikeni namba sita ni nani. Msomaji mwenzangu wa ile barua atashangaa vijana watakavyoanza kusikia.

Barua hii nilitaka kuipamba kwa kumtaja yule kijana aliyemenya waya kwa meno. Nimekaa siku tatu. Namkumbuka alikuwa mrefu, mweusi tii, shati la maua lenye kola pana, anapiga akitazama ncha za viatu vyake. Tulipanga naye foleni ya mshahara zaidi ya miaka miwili. Aliwahi kuniazima shilingi tano. Ngulimba ninamkumbuka kwa majina yake yote mawili, Kibadeni aliyenitesa ninamkumbuka mpaka dakika aliyofunga, na huyu jina limenitoka kabisa, wala sijui kama nilishawahi kumuuliza.

Kama yumo kati ya wasomaji wako, au watoto wake, naomba waandike kwako. Nina shilingi tano yake.

Mfumaji mstaafu,
Mji Mpya, Morogoro