Emoji kwenye kompyuta: samaki yumo ndani ya kibodi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, ingawa sisi tunaoshinda mbele ya kompyuta za mezani tukiwachapia watu barua na matangazo linatupotezea muda na fedha. Nina steshenari hapa Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa dagaa na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa. Zamani waliniletea karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Siku hizi wananiletea simu, na ndani ya simu mna tangazo lililokwisha kupambwa kwa emoji, nao wanataka litoke vilevile lilivyo.

Mwezi uliopita aliingia mama mmoja muuza dagaa wa jumla, akataka tangazo la kikao cha kikundi chake lianze kwa samaki na limalizikie kwa viganja viwili vilivyoshikanishwa. Kijana wangu wa kazi alimwamkia, akatoa simu yake mwenyewe, akaunga bando, akaandika samaki na viganja kwenye WhatsApp, akajitumia, akafungua WhatsApp kwenye kompyuta, akanakili, akabandika kwenye Word. Kazi hiyo ilimla dakika kumi nzima. "Mwanangu," mama akamwambia, "huyu samaki ungemfuata ziwani ungekuwa umekwisharudi." Tulicheka wote, lakini mimi niliona aibu kidogo, kwa kuwa samaki huyo alikuwamo ndani ya kibodi muda wote na mimi ndiye sikuwa nimemfundisha kijana namna ya kumtoa.

Kompyuta yenye Windows 10 iliyosasishwa, au Windows 11, ina kidirisha cha emoji ambacho hufunguka mtu akishikilia kitufe chenye nembo ya Windows kisha akabonyeza nukta, na nukta mkato nayo hufanya kazi hiyohiyo. Kidirisha hicho kimekuwapo tangu mwaka 2017, kwa hiyo si kitu cha jana. Kikifunguka, unaandika jina la kitu unachokitafuta, ambalo kwenye mashine zetu nyingi litakuwa la Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha zilizowekewa, na emoji hujipanga mbele yako uchague. Wenye Mac hubonyeza Control, Command na kitufe cha nafasi kwa pamoja. Anayeandika kwenye Word ya Windows ana njia nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote: anaandika 1F41F, kisha anabonyeza Alt na X, na namba hiyo inageuka samaki papo hapo. (Samaki mwenyewe, nakiri, hafanani na sangara wala sato.) Windows 7, ambayo bado naiona mezani kwa wenzangu ingawa Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, haina kidirisha hicho.

Namba hiyo ya samaki ndiyo inayoeleza mambo mengine yote. Neno emoji ni la Kijapani, e likiwa ni picha na moji likiwa ni herufi, na kweli kompyuta huihesabu emoji kuwa herufi. Simu za Japani zilikuwa nazo tangu miaka ya 1990, ikiwamo seti ya emoji 176 ya kampuni ya NTT DoCoMo iliyotoka mwaka 1999, kisha mwaka 2010 zikaingizwa katika Unicode, utaratibu unaoipa kila herufi ya maandishi ya dunia namba yake. Unapomtumia mtu samaki, kinachosafiri ni namba tu, na mashine ya mpokeaji ndiyo inayomchora upya kwa fonti, yaani seti ya michoro ya herufi, iliyo nayo. Isipokuwa na mchoro wa namba hiyo, itaweka kisanduku kitupu. Ndiyo maana mteja hufungua faili mahali pengine akakuta visanduku, akarudi kulalamika kwamba tumemharibia kazi.

Bendera yetu ya Taifa ni mfano mzuri zaidi. Emoji yake imeundwa kwa alama mbili zinazosimama badala ya T na Z, na kifaa chenye mchoro huziunganisha kikatoa bendera. Fonti ya emoji inayokuja na Windows haina bendera za nchi, kwa hiyo mtu anayebandika bendera kutoka kwenye simu kwa ajili ya mwaliko wa tarehe 9 Desemba ataona herufi TZ tu zimesimama peke yake. Asigombane na mchapaji. Atuletee bendera kama picha, tutaipachika.

Kuna na uso wa tabasamu ambao kumbe si emoji. Niliwahi kumwandikia mteja barua pepe ya makisio ya bei, nikaweka nukta mbili na mabano mwishoni, programu ikazigeuza kuwa uso unaocheka, nami nikaridhika. Jibu lilikuja likiuliza huyo J ni nani na kwa nini ametia saini kwenye makisio yangu. Uso ule ulikuwa herufi J iliyovalishwa fonti ya Wingdings, ambayo huchora picha mahali pa herufi, na vazi hilo halikufika upande wa pili. Tangu hapo nikitaka kutabasamu natumia kidirisha, na kwa barua za serikali sitabasamu kabisa.

Hasara kubwa, hata hivyo, iko kwenye ujumbe mfupi wa simu unaotumwa kwa wanachama wengi kutoka kwenye kompyuta, na hapa nawaomba makatibu wa vikundi wanisome kwa makini. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 ukiwa na herufi za kawaida peke yake. Ukitia emoji hata moja, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa uandishi na nafasi hushuka hadi 70, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya nafasi 67, huku samaki peke yake akila nafasi mbili. Kikundi kimoja nilichokihudumia kilikuwa na tangazo la herufi 140, ambalo lingekwenda kwa kipande kimoja. Katibu akaniomba niongeze viganja mwishoni kwa heshima, likawa vipande vitatu. Kwa wanachama 80 tukalipia vipande 240 badala ya 80, na mhasibu akaniuliza mimi zilikokwenda fedha.

Nilipofuatilia niligundua kwamba si emoji peke yake. Word ina tabia ya kuikunja alama iliyo katika ng', na alama iliyokunjwa nayo haimo katika zile herufi za kawaida, kwa hiyo tangazo la mnada lenye neno ng'ombe, au orodha ya majina yetu ya Kisukuma, linaweza kukatwa vipande vilevile bila kuwa na emoji hata moja.

Mama wa dagaa alirejea juma lililofuata na matangazo mawili. La kubandika ukutani kijana alimwekea samaki watatu kabla hajamaliza kuketi, ingawa printa yetu ya rangi moja iliwatoa wakiwa wa kijivu. La simu alimwandikia kwa herufi tupu, akamwonyesha hesabu ya nafasi kwenye kioo, na mahali pa viganja akaandika "Asanteni".

Mwenye steshenari,
Kirumba, Mwanza.