Kwa mdogo wangu, kuhusu ule wimbo wa baba

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei. Ujumbe wa Pasaka uliusoma, alama mbili za buluu naziona, jibu hakuna. Kwenye kundi la familia uliandika mstari mmoja tu, "Muulizeni aliyemkatia baba wimbo," kisha ukajitoa, ukaniacha na mashangazi wanauliza wimbo gani, nani kaukata, lini. Basi nakuandikia hapa. Najua unapita hapa, maana kuna mtu huko Arusha huniambia.

Kifua kimepona? Mama anasema pale unapopiga wanakuweka karibu na mlango, upepo wote wa usiku unakuingia wewe. Mpiga saksafoni hakai mlangoni. Vaa sweta ndani ya shati, wateja hawataona.

Haya. Wimbo.

Niliposema mbele ya kamati ya harusi yangu kwamba mdogo wangu atapiga jazi kidogo, mwenyekiti alifurahi mpaka akapiga meza. Unawajua watu wa umri wake hapa Dar. Ukisema jazi, yeye anasikia bendi zetu za dansi za zamani, anasikia Nuta Jazz, anasikia Western Jazz na mtindo wao wa Saboso, magitaa yanapokezana, tarumbeta juu, watu wameshikana viuno. Akaandika kwenye ratiba: "Burudani ya zamani, dakika tatu." Sikumsahihisha. Hapo nakubali nilikosea. Lakini na wewe tulikubaliana upige ule wa kanisani, uliopiga kwenye kipaimara cha binamu yetu, watu wakalia. Ungeniambia mapema kwamba unakuja na Take Five, ule wimbo wa jazi ya Kimarekani wa kwenye santuri ya baba, ningejipanga. Ningewaandaa wakwe. Ningewaambia jamani, huu ni wimbo wa kusikiliza, msihangaike na makofi.

Ulinyamaza makusudi, ukidhani unanifanyia jambo zuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Unakumbuka Jumapili za Magomeni. Ibada imekwisha, chai ipo, baba anafungua mfuniko wa gramafoni kana kwamba kuna mtoto amelala ndani. Hakuna kugusa. Bibi, Mungu amrehemu, aliusikiliza mara ya kwanza mpaka mwisho, akasema, "Huyu mzungu anachechemea, lakini anafika." Ukaanza kuchechemea kuzunguka meza, bibi anacheka, maandazi yanaanguka.

Baba alituambia bibi kasema kweli kuliko alivyojua. Nyimbo nyingi zinatembea kwa mapigo manne, au matatu, huu una matano, na mguu mmoja unabaki nje. Hakutufundisha kuhesabu moja mpaka tano. Alisema namba zinachosha. Alitufundisha Kariakoo. Ka-ri-a, ko-o. Tatu, halafu mbili. Piano ya Dave Brubeck, mwenye kikundi, haifanyi kitu kingine tangu mwanzo mpaka mwisho, inaita Kariakoo tu, saksafoni inapita juu yake inavyotaka. Mimi na wewe tukipanda daladala, konda akining'inia mlangoni anaita "Kariakoo Kariakoo Kariakoo," tulikuwa tunaangaliana na kuangua kicheko, abiria wanatushangaa. Mpaka leo nikipita Mapipa asubuhi konda akianza kuita nageuka upande nisicheke peke yangu.

Na ule mkwaruzo. (Uliufanya wewe, na lile gari lako la makopo. Hapa sitaki ubishi, mama ni shahidi.) Sindano ikifika pale saksafoni inapokaribia kumpisha mpiga ngoma, inanasa. Kariakoo-k. Kariakoo-k. Kariakoo-k. Ulipokuwa kidato cha pili ukaja na daftari: santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 1.8, na Kariakoo moja ya kile kikundi inapungua hapo kidogo sana, kwa hiyo ile "k" ndiyo tofauti. Baba alikaa kimya, akaomba daftari, akalisoma. Kisha akakupa hela ya soda. Mimi nilikuwa wa tatu darasani mwaka ule na sikumbuki soda.

Dawa ya mkwaruzo ilikuwa thumni, sarafu ya senti hamsini. Ile ya zamani, ya sungura. Unaiweka juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni, uzito unaikandamiza sindano, wimbo unavuka. Angeweza kuiweka tangu mwanzo. Hakuwahi kuiweka tangu mwanzo. Alisubiri inase, sisi tupige kelele, "Baba, thumni! Baba, thumni!" ndipo anainuka pole pole, anajipapasa mifukoni kama hajui ilipo, na thumni yenyewe ipo juu ya mfuniko, inamwangalia.

Mnaosoma msiotujua, mnisamehe, nitafika.

Ukumbini pale Sinza tulikuwa nyuma ya ratiba kwa saa nzima. Matarumbeta walikwama kwenye foleni. Ndafu ya wakwe ilikuwa haijakatwa. Mwenye ukumbi alishatuma kijana mara mbili kutukumbusha kwamba saa sita anazima taa, na ukipita hapo unalipia, na mfuko wa kamati ulikuwa umekauka tangu Alhamisi. Nilikuwa na viatu vilivyonibana na tabasamu lililonibana zaidi. Nakueleza haya si kwa kujitetea. Nataka ujue hali ilivyokuwa.

Ukasimama na yule kijana wa kinanda. Akaanza Kariakoo. Nikaijua hapo hapo, kabla hujaweka saksafoni mdomoni, na mwili wote ukanisisimka. Hilo sijawahi kukuambia. Kwa sekunde kumi hivi nilifurahi kuliko siku nzima ile.

Halafu nikawatazama watu.

Nimeitazama ile video mara nyingi kuliko mume wangu anavyojua, kwa hiyo sikisii. Shangazi alianza na vigelegele, akaingia na makofi: moja, mbili, tatu, nne, na lilipokuja la tano mikono yake ikabaki hewani kama mtu aliyekosa gari kituoni. Akajaribu tena, ikamwacha tena. Mara ya tatu akajishika mapajani akatulia. Mjomba anamwinamia jirani yake, sauti haisikiki vizuri, ila midomo inasema, "Anajaribu chombo, au ndio ameanza?" Meza ya ofisini kwangu waliinua simu wote, wakazishusha wote. Wakwe walikaa kwa adabu, mikono magotini, kama watu walioingia ibada ya dhehebu lingine. Watoto ndio waliocheza. Hawakuhesabu chochote, walizunguka tu mpaka mmoja akaenda kugonga spika.

Na kuna mtu mmoja, sijui kama ulimwona. Yule mpiga ngoma kubwa wa matarumbeta, amesimama mlango wa jikoni na sahani ya pilau. Mguu wake wa kulia. Mzito kwenye ka, mzito tena kwenye ko. Hakukosa hata mara moja. Ilipofika kama dakika ya pili akaweka sahani chini, akaanza kupiga mlango kwa vidole. Ukumbi wa watu mia tatu, na aliyekuelewa hakualikwa, alikodishwa.

Ungeishia pale, yote yangepita. Ukafika kwenye mkwaruzo, ukaupiga.

Kariakoo-k. Kariakoo-k. Umegeuka, unamwangalia baba meza kuu. Kariakoo-k. Kijana wa kinanda amechanganyikiwa, anakutazama wewe, anatazama vidole vyake. Kariakoo-k. Mtu amecheka nyuma. Mama mkwe akaniinamia, kwa upole kabisa, yule mama ni mpole, akauliza, "Amesahau?"

Katika ukumbi ule tulikuwa wanne tu tuliojua kwamba hukusahau. Wewe, baba, mama, na mimi. Ningeweza kumjibu, "Hapana mama, anamtania baba." Maneno manne. Badala yake nikasema, "Nadhani amechoka," nikamtafuta MC kwa macho, nikampitishia kiganja shingoni, chini chini, nyuma ya yale maua ya plastiki. Akadaka kipaza sauti. "Makofi kwa kijana wetu!" DJ akafungulia, spika zikatetemeka, watu wakarudi viunoni wakiwa wamefarijika. Wewe ulibaki na saksafoni mdomoni hupulizi. Kisha ukaichomoa ile sehemu ya mdomo, ukaifuta na leso, ukaiweka kwenye boksi lake, ukafunga vibanio viwili, kimoja, kingine. Hata keki hukusubiri.

MC hakukosa, nimekuwa nikimsingizia miaka minne. Niliukata mimi.

Lakini tuseme ukweli wote. Wimbo ule Paul Desmond, mpiga saksafoni wa Brubeck, aliutunga, wakaurekodi New York mwezi wa saba mwaka 1959, na kwenye santuri kubwa unachukua dakika 5 na sekunde 24. Uliovuma redioni kwao mwaka 1961 ni ule wa santuri ndogo, haufiki dakika tatu. Walioukata ni wenye mali, tena ngoma za Joe Morello, mpiga ngoma wao, ndizo walizozipunguza, wakati Desmond mwenyewe alisema aliutunga ili Morello apate pa kupigia. Sijasikia kwamba Morello alimsusia mtu na kuhamia Arusha. Na wewe nimekupimia kwenye video: dakika mbili na sekunde arobaini. Ulipewa karibu sawa na Marekani nzima.

Nakushauri kama dada yako, mtu akikualika, tazama kwanza watu wamekaa vipi. Kuna muziki wa kukaa na kuna muziki wa kusimama. Harusi ya Dar watu wamechangia, wamevaa sare, wameacha watoto kwa majirani, wanataka kucheza. Huwezi kuwasimamishia mzaha wa watu wanne katikati ya sherehe ya mia tatu. Msanii mwenye busara angeupiga nyumbani, kesho yake, tukiwa sebuleni. Ningekuja. Ningevua viatu nikakaa chini. Mimi siku ile nilikuwa na watu wa kuwaangalia, wewe ulikuwa na mtu mmoja.

Na huyo mmoja nimemwangalia pia, maana ndiye unayenishitakia. Unasema nilimkatia baba. Baba alikuwa anakula kuku. Ninaweza kukuonyesha. Tangu unaanza ana paja mkononi, anatafuna, anakuangalia, anatafuna. Uso haubadiliki. Nilishikilia hilo paja la kuku miaka yote hii, nalisema kwa kila aliyeniuliza: mzee mwenyewe alikuwa anakula.

Wiki ile baada ya arobaini ya baba, mama akataka kuiona video. Tukakaa. Kariakoo-k ya pili, baba anaacha kutafuna. Ya tatu, analiweka paja kwenye sahani. Anafuta vidole, kimoja kimoja. Ya nne, mkono unaingia mfuko wa koti, wa kulia, unapapasa, unatoka, unaingia wa kushoto. Amenyanyuka nusu kwenye kiti. Hapo ndipo sauti ya MC inaingia, na mpiga picha anahamia kwa wanaocheza.

Mama akaniuliza, "Baba yenu anatafuta nini?"

Nikamwambia leso.

Kwenye ile meza kulikuwa na tishu boksi mbili.

Pale Kinondoni ulisimama upande wa pili wa kaburi, na shati lile lile. Nilidhani tutaongea baada ya watu kutawanyika. Ulilala kwa baba mdogo, asubuhi ukapita nyumbani nikiwa bafuni, ukaondoka na basi la kwanza. Desmond alipokufa mwaka 1977 mapato ya Take Five aliyaacha kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Baba aliipenda sana habari hiyo, alisema mtu mwenye akili huwaachia wasiomjua. Sisi alituachia gramafoni bila kusema ni ya nani. Basi ninayo mimi. Sijaiuza, aliyekuambia nimeiuza ni mwongo. Ipo sebuleni kwangu, imefunikwa kitambaa cha mama, na santuri ipo kwenye jalada lake.

Thumni ndiyo haipo. Juu ya mfuniko kuna alama ya mviringo, mbao imekuwa nyeupe kidogo hapo ilipokaa miaka yote. Ulipita asubuhi ile nikiwa bafuni. Sisemi uirudishe. Nasema tu najua iko wapi.

Nimejaribu sarafu nyingine. Ya mia mbili ni nzito mno, sauti inazama kama mtu anaimba ndani ya pipa. Ya hamsini nayo haifai. Jumapili iliyopita mume wangu alikuwa amelala, nikaweka bila kitu, nikakaa kwenye kile kiti. Ilifika pale pale ikanasa. Nilihesabu kumi na saba kabla sijainuka, na kabla ya kuinuka nilikuwa nimeshajipapasa mifukoni.

Dada yako